Samuel Colt: Shule ilimshinda, bastola ikamtii

Samuel Colt alizaliwa Hartford, Marekani, 1814. Shule ilimshinda, na 1830 akapanda meli kwenda Calcutta. Humo safarini akachonga bastola ya mbao. Wazo lake? Ukivuta nyundo nyuma, silinda inazunguka na kujifunga, tundu la risasi likitazamana na mtutu. Isipofika sawasawa, risasi inagonga ukingo wa mtutu na vipande vinaruka.

1836 akapata hataza, kiwanda kikaanza. 1842 kikafungwa. Wengi wetu tungerudi ocha. Yeye alihangaika na mambo mengine hadi 1847, serikali ilipoagiza bastola 1,000. Alikufa tajiri 1862, miaka 47 tu.

Chombo chake kimeua wengi, hilo tusifiche. Lakini sisi tulioacha chuo tunamwelewa: kuanguka si kuisha, msee.