Mtakatifu Luigi Guanella: Padre Aliyewapa Kazi Waliodhaniwa Hawawezi Kitu

Kila tarehe 24 Oktoba tunamkumbuka Mtakatifu Luigi Guanella, padre wa Italia aliyefariki mwaka 1915. Wengi wanamfahamu kama mwanzilishi wa umoja wa sala kwa ajili ya watu walio kufani, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Katika makala hii tunamtazama kwa upande mwingine ambao hausimuliwi sana parokiani: jinsi alivyowafundisha kazi watu wenye ulemavu wa akili, katika nyakati ambazo hata ndugu zao walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1842 huko Fraciscio, kitongoji cha Campodolcino, katika milima ya Alpi karibu na mpaka wa Uswisi. Alikuwa mtoto wa 9 kati ya watoto 13 wa Lorenzo Guanella na Maria Bianchi, familia ya wakulima na wafugaji waliojua jasho. Inasimuliwa kwamba yeye na dada yake Caterina walikuwa wakikoroga udongo na maji katika mashimo ya mawe na kujifanya wanawapikia maskini supu.

Mabonde yale yalikuwa na huzuni yake. Maji na udongo wa milimani vilikosa madini joto, na kwa sababu hiyo watu wengi walikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, na baadhi ya watoto walizaliwa wakiwa na akili nzito na mwili usiokua vema. Wazee wa nyanda zetu za juu hawahitaji kuelezwa habari ya rovu. Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, miaka 7 baada ya Guanella kufariki. Wakati wa uhai wake, walichopewa watu hao kilikuwa hasa majina ya dharau. Kijana Luigi alikua akiwaona, na alijua walikuwa watoto wa nani.

Alipewa daraja takatifu la upadre tarehe 26 Mei 1866, na mwaka uliofuata akapelekwa Savogno, kijiji cha mlimani, alikokaa hadi mwaka 1875 akiwa mchungaji na mwalimu wa shule. Wakati huo serikali ya Italia na Kanisa havikupatana. Kitabu alichokitoa mwaka 1872 kilimfanya atiliwe shaka na wakuu wa serikali, na shaka hiyo ilimfuata kwa miaka mingi.

Mwaka 1875 alikwenda Torino kuishi na Don Bosco. Alikaa huko miaka 3, na ninaamini kwamba hapo ndipo mambo mawili yalipokutana moyoni mwake. Kwa Don Bosco aliona karakana ambamo vijana maskini walijifunza useremala, ushonaji wa viatu na uchapaji. Katika mji huohuo aliiona nyumba kubwa iliyoanzishwa na Mtakatifu Giuseppe Cottolengo, ambamo wagonjwa na walemavu waliokataliwa kwingine walipokelewa kama wana wa nyumba. Huku kulikuwa na ufundi, kule kulikuwa na hifadhi. Ni wachache waliofikiri kwamba vyote viwili vingeweza kuwa vya mtu yuleyule.

Askofu wake alimwita arudi jimboni mwaka 1878. Alitii, japokuwa kuachana na Don Bosco kulimuuma. Shule aliyoifungua Traona ilifungwa na wakuu wa serikali. Akapelekwa Olmo, mahali padogo pa mbali, kana kwamba amewekwa pembeni. Mwezi Novemba 1881 akafika Pianello, kando ya Ziwa Como, akakuta nyumba ya yatima na wazee iliyoanzishwa na paroko aliyemtangulia, Padre Carlo Coppini, ikihudumiwa na kikundi cha mabinti. Mmoja wao, Sista Chiara Bosatta, leo ni Mwenyeheri. Mwaka 1886 mashua ndogo iliwavusha baadhi ya watoto na masista kwenda mjini Como, na huko ikazaliwa Nyumba ya Maongozi ya Mungu.

Katika nyumba hiyo walikaa pamoja wazee, yatima, wagonjwa na watu wenye ulemavu wa akili. Hao wa mwisho Padre Guanella aliwaita watoto wema, nao hawakuwekwa huko ili kulishwa na kulindwa tu. Alitaka kila mmoja atoe alichoweza. Asiyejua kuhesabu aliweza kubeba maji. Mwenye nguvu za mikono alimsaidia asiyeweza kutembea. Huduma ilikuwa pia ya wale ambao wengi tumezoea kuwahesabu kuwa ni wa kuhudumiwa.

Mwaka 1900 alifanya jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu. Pale Mto Adda unapoingia katika Ziwa Como palikuwa na tambarare iitwayo Pian di Spagna, ardhi ya kinamasi yenye malaria. Alichukua eneo hapo akawapeleka watoto wema. Walichimba mifereji ya kutoa maji, wakang'oa magugu, wakalima na kupanda. Anayechelewa kushika maneno mara nyingi hushika kwa mikono, hasa akifanya kazi ileile kila siku bega kwa bega na mwenzake anayeijua, na akaona kwa macho mahali palipokuwa tope jana pameanza kukauka leo. Ndivyo ufundi unavyoingia hata kwa mtu asiyemudu darasa. Na kazi ile haikuwa ya kuwapotezea muda. Makazi ya Nuova Olonio yaliinuka hapo, na ardhi iliyookolewa ikawafaa hata watu waliokuwa wamewacheka.

Sisi katika jumuiya ndogo ndogo tunawaombea watoto hawa, na wakati wa Kwaresima tunawapelekea sabuni na sukari. Ni vema. Lakini ni mara chache tunawaomba watusaidie kupanga viti kanisani, kumwagilia miche ya parokia au kumchotea maji mjane jirani. Wazazi wao wanatuuliza mtoto aende wapi akimaliza kitengo cha elimu maalumu, nasi tunawajibu kwa sala peke yake. Padre Guanella alisali sana, kisha akanunua majembe.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya mapumziko. Alijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Roma akisaidiwa na rafiki yake Papa Pio X. Mwezi Desemba 1912, akikaribia miaka 70, alisafiri kwenda Marekani kuwaona wahamiaji wa Kiitalia. Tetemeko la ardhi lilipoua watu wapatao 30,000 katika eneo la Avezzano tarehe 13 Januari 1915, alikwenda mwenyewe kuwaokoa walionusurika. Mwezi Septemba alipata kiharusi, na tarehe 24 Oktoba 1915 akafariki mjini Como. Mashirika yake mawili, Watumishi wa Upendo na Mabinti wa Bikira Maria wa Maongozi, yaliendelea na kazi.

Papa Paulo VI alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1964, na Papa Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu tarehe 23 Oktoba 2011. Huko Nuova Olonio, katika ardhi iliyokaushwa na watoto wema, ipo nyumba ya shirika lake inayowapokea watu wenye ulemavu, nayo imepewa jina la Bikira Maria wa Kazi.