Zátopek na Mimoun: Wapinzani wa mbio ndefu waliopendana kama ndugu

KATIKA mashindano matatu makubwa ya kati ya 1948 na 1952, Emil Zátopek wa Czechoslovakia alitwaa nishani tano za dhahabu za mbio za mita 5,000 na mita 10,000. Mara zote tano, aliyepokea nishani ya fedha alikuwa mtu yule yule, Alain Mimoun wa Ufaransa. Mimoun akabandikwa jina la kivuli cha Zátopek. Jina hilo lingetosha kuwakosanisha watu wengine wowote. Hawa wawili liliwakuta wakiwa marafiki wa chanda na pete.

Zátopek alizaliwa Septemba 19, 1922 katika mji mdogo wa Kopřivnice, eneo la Moravia. Babake alikuwa seremala. Akingali kijana alienda kutafuta riziki katika kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín, kampuni ile ile ambayo kiwanda chake cha Limuru kimewavisha Wakenya kwa vizazi. Hakuwa na haja yoyote na riadha. Mnamo 1941 aliamrishwa kiwandani hapo ashiriki mbio za mita 1,500. Alijitetea kuwa ni mnyonge, lakini daktari akampima na kumwona mzima. Alikimbia shingo upande, akamaliza wa pili miongoni mwa vijana wapatao 100, na tangu hapo hakuacha tena.

Baada ya vita alijiunga na jeshi, na huko ndiko alikokuza mazoezi yaliyowashangaza wataalamu. Alikimbia mita 400 kwa kasi, akavuta pumzi kwa kukimbia polepole, kisha akarudia tena na tena, makumi ya mara kwa siku, wakati mwingine msituni akiwa amevaa mabuti ya askari. Uwanjani uso wake ulikunjamana na kichwa kikayumba kama cha mtu anayekata roho. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani hatamaliza.

Mimoun alipitia njia nyingine, tena yenye miiba zaidi. Alizaliwa 1921 nchini Algeria, enzi za utawala wa Ufaransa, akapigana katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mnamo 1944, katika mapigano ya Monte Cassino nchini Italia, alijeruhiwa mguu vibaya hivi kwamba nusura ukatwe. Vita vilipokwisha alihudumu katika mkahawa jijini Paris na kufanya mazoezi kila alipopata nafasi.

Walipokutana kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mnamo 1948, Zátopek alimwacha kwa takriban sekunde 48 katika mita 10,000. Mjini Brussels mnamo 1950, katika mashindano ya Ulaya, alimwacha kwa zaidi ya dakika moja katika masafa yayo hayo. Helsinki, 1952, mwanya ukawa sekunde 16 hivi. Siku nne baadaye, katika mita 5,000, haukufika hata sekunde moja. Siku hiyo, katika mzunguko wa mwisho, Zátopek alijikuta nyuma ya Chris Chataway wa Uingereza, Herbert Schade wa Ujerumani na Mimoun. Kwenye kona ya mwisho akatoka upande wa nje na kuwapita wote. Chataway alijikwaa ukingoni akaanguka. Mimoun, kama ada, akafika wa pili.

Alasiri hiyo hiyo mkewe Zátopek, Dana, aliyezaliwa siku moja naye, alishinda dhahabu ya kurusha mkuki. Siku tatu baadaye Zátopek aliingia katika marathon, mbio ambazo hakuwa amewahi kuzikimbia maishani, akashinda. Hadi leo hakuna mwingine aliyezoa dhahabu zote tatu katika Olimpiki moja.

Ikaja Melbourne, 1956, michezo ambayo Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza na Nyandika Maiyoro akamaliza wa saba katika mita 5,000. Zátopek alikuwa amepasuliwa ngiri wiki chache tu kabla ya safari. Mimoun, akiwa na umri wa miaka 35, ndiye aliyekuwa akionja marathon kwa mara ya kwanza. Chini ya jua kali la Desemba 1 aliwaacha wenzake, akakata utepe kwa saa 2 na dakika 25.

Kisha akakataa kuondoka. Wapiga picha walimzonga, naye macho yake yalikuwa kwenye lango la uwanja. Zátopek aliingia zaidi ya dakika nne baadaye, akiwa wa sita, miguu ikimgomea. Mimoun alimwendea, akamuuliza mbona hampongezi, akamweleza kuwa yeye ndiye bingwa. Zátopek alisimama wima, akavua kofia, akampigia saluti ya kijeshi, kisha akamkumbatia. Mimoun alisema baadaye kwamba kwake kumbatio lile lilizidi nishani yenyewe.

Ukarimu huo haukuwa wa siku moja. Mnamo 1966 Zátopek alimkabidhi Ron Clarke wa Australia kifurushi kidogo katika uwanja wa ndege wa Prague. Clarke, mpinzani wa Kipchoge Keino, alikuwa amevunja rekodi nyingi za dunia bila kuonja dhahabu ya Olimpiki. Alipokifungua ndani ya ndege alikuta nishani ya dhahabu ya Helsinki.

Mnamo 1968 Zátopek aliunga mkono wanamageuzi wa nchi yake na kupinga uvamizi wa majeshi ya Muungano wa Kisovieti. Alitimuliwa chamani na jeshini, alikokuwa kanali, akapelekwa mbali na nyumbani kufanya kazi ya sulubu ya kuchimba visima. Miaka mingi ilipita kabla ya heshima yake kurejeshwa.

Alifariki jijini Prague Novemba 2000 akiwa na umri wa miaka 78. Habari zilipofika Ufaransa, Mimoun alisema kwamba aliyempoteza alikuwa ndugu. Yeye mwenyewe aliishi miaka 12 zaidi, akafariki Juni 2013 akiwa na miaka 92.