Beccaria: jamaa aliyeuliza adhabu ni ya kazi gani

Wadau, leo nawaletea Cesare Beccaria, Mtaliano aliyezaliwa Milan mwaka 1738. Mtoto wa kishua kabisa, ila baba yake alipomkataa Teresa, jamaa akamuoa hivyo hivyo.

Enzi hizo mtuhumiwa aliteswa mpaka akiri, na hata mwizi aliweza kunyongwa. Rafiki yake, Alessandro Verri, alikuwa anatetea wafungwa, kwa hiyo habari za gerezani alizipata. Mwaka 1764 akatoa kitabu kuhusu makosa na adhabu, tena bila kuweka jina lake, aliogopa. Miaka 26 tu!

Hoja yake ndiyo imenishika: adhabu haifuti kosa lililokwisha tendeka. Kazi yake ni kumzuia mkosaji asirudie, na wengine wasimuige. Na kinachozuia si ukali, ni mtu kujua atakamatwa na kuhukumiwa mapema. Kweli jamani, mwizi akinyongwa sawa na muuaji, shahidi atamwacha hai wa nini?

Msidhani alikuwa mpole. Badala ya kitanzi alitaka kazi ngumu maisha, akiona ndiyo inatisha zaidi. Hapo mimi na yeye hatuelewani.

Toscana ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1786. Beccaria alikuwa hai kuona, akafariki 1794.