Wasifu: Marehemu Shaaban Robert na Kalamu Iliyojitafutia Njia



Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu zetu katika imani, hapa kwetu Chole, wilayani Kisarawe (Chole ya bara, siyo ile ya kisiwani Mafia), ukikaribia msimu wa Maulidi vijana wa madrasa huanza kutunga kaswida. Sauti wanazo na bidii wanayo. Lakini kaswida nyingi huwa nakala: mahadhi yamechukuliwa kwenye simu, na maneno ni yaleyale ya mwaka jana yaliyogeuzwa kidogo. Na kijana anayejaribu kutunga kwa namna yake huambiwa anazua. Wazazi wametuletea swali: Mwislamu aliyejaaliwa kipaji cha sanaa, je, anafaa kutafuta mtindo wake mwenyewe, au usalama uko katika kuwaiga waliotangulia? Tumeona kabla ya kujibu tusimulie maisha ya Mwislamu mmoja ambaye swali hilo alilijibu kwa kazi ya mikono yake.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Jina la Robert limewababaisha wengi wakadhani alikuwa Mkristo. Alizaliwa Mwislamu, akaishi Mwislamu na akafa Mwislamu. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, katika mji ule ambao watu wa Kisarawe wamekuwa wakiupelekea mihogo na mkaa tangu zamani. Alipomaliza aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani katika idara ya forodha, akahudumu humo hadi 1944, Pangani na kwingineko. Kisha alihamishiwa idara ya wanyama, akapelekwa Mpwapwa, mbali na pwani yake. Mwaka 1946 alirudi Tanga kufanya kazi ofisi ya wilaya, na tangu 1952 akawa ofisi ya upimaji hadi karibu na mwisho wa umri wake. Kwa ufupi, maisha yake yote alikuwa mtu wa mshahara mdogo. Vitabu aliviandika pembeni ya ajira.

Sasa tutazame alivyoanza. Hakuanza na jambo jipya. Katika ujana wake palikuwa na gazeti la serikali likiitwa Mambo Leo, lililoanza kutolewa 1923, na ndani yake washairi wa kila upande wa Tanganyika walikuwa wakipeleka tungo zao, wakijibizana na kukosoana. Shaaban naye akapeleka zake. Ukizisoma tungo zake za awali utaona vina vimekaa mahali pake na mizani imetimia, mishororo minne kwa ubeti kama alivyorithi. Huyu ni mwanafunzi anayeshika kanuni. Tunalisema hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani mtindo wako ni kuacha kanuni kabla hujazijua. Marehemu alitumia miaka mingi katika kanuni, na hakuziacha hata alipokuwa bingwa.

Jambo lake la kwanza la kipekee tunaloliona ni lugha yenyewe. Ushairi uliokuwa ukiheshimiwa pwani ni ule wa Lamu, Pate na Mombasa, kwa Kiamu na Kimvita, na uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili sanifu kilikuwa kichanga. Kamati iliyoshughulikia usanifishaji wake iliundwa mwaka 1930, na wazee wengi walikiona ni lugha ya ofisini na ya vitabu vya shule. Mtu aliyetaka kuonekana mshairi angejitahidi kuchanganya maneno ya Kiamu ili tungo inukie ukale. Shaaban alichukua Kiswahili hichohicho cha karani, kwa herufi za Kirumi, akakitia uzito mpaka kikabeba mawaidha, huzuni na hoja. Leo mtoto wa darasani anamsoma na kumwelewa, na sababu kubwa ni uamuzi ule.

Jambo la pili lilitokana na msiba. Mkewe Amina alifariki, Allah amrehemu, akamwachia watoto wadogo. Katika kitabu chake Maisha Yangu, kilichotoka 1949, amesimulia habari hiyo na kumtungia marehemu shairi la maombolezo. Tumezoea maombolezo ya masheikh na ya watu wakubwa. Yeye alimlilia mkewe, kwa jina lake, na hakuona aibu. Kisha akageukia watoto. Pwani kulikuwa na mfano mashuhuri wa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858. Shaaban alichukua umbo lilelile, mishororo mifupi ya mizani minane, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati. Hapo angeweza kusimama, na angekuwa mwigaji mzuri. Lakini akatunga na wa pili, Utenzi wa Adili, kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Kwa nini wasia wa adabu uwe wa binti peke yake? Mabadiliko haya ni madogo ukiyatazama juu juu. Sisi tunaona ndipo mtu huyu alipoanza kusikika kwa sauti yake, kwa sababu hakwenda kutafuta upya mbali: alitazama nyumba yake ina watoto wangapi na kila mmoja anahitaji nini.

Alifanya hivyohivyo na tenzi za vita. Wazee wetu walitunga juu ya vita vya wakati wa Mtume (s.a.w.), kama ule Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728. Shaaban alilichukua umbo hilo akasimulia vita vikuu vya pili vya dunia, vya 1939 hadi 1945, kwa beti 3,000. Tukisema kweli, utenzi huo ni mrefu kuliko subira ya wasomaji wengi, nasi hatuuhesabu katika kazi zake bora. Lakini unaonyesha mtu anayepima chombo cha zamani kinaweza kubeba mzigo gani mpya.

Kisha ikaja nathari, na hapa ndipo hasa tunapotaka wasomaji watulie. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi ardhini na mbinguni, kutafuta yatakayoifaa nchi, na kila mmoja aliporudi na heri alilipwa adhabu. Tazama majina yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Mtoto yeyote aliyekaa chuoni anayajua maneno haya kabla hajamjua Shaaban Robert. Ni maneno ya duani, ya khutba na ya nasaha za wazee. Mwandishi aliyachukua kutoka kwenye midomo ya Waislamu akayavisha miili, yakawa watu wanaotembea, wanaofungwa na kuachiwa huru. Nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, na mtumishi wa serikali hakuwa na nafasi ya kuilaumu serikali waziwazi. Kwa majina hayo alisema aliyotaka kusema juu ya watawala wasiopenda kuambiwa ukweli, na wasomaji wakaelewa.

Mwaka uliofuata kikatoka Adili na Nduguze. Anayejua hekaya za Alfu Lela u Lela ataitambua habari ya mtu na ndugu zake wawili waliomhusudu, wakageuzwa wanyama, naye akalazimika kuwachapa kila usiku. Katika hekaya ya kale ndugu ni mbwa. Kwa Shaaban ni manyani, na majina yao ni Hasidi na Mwivu. Jina la mtu kwake ni hukumu tayari. Wapo wanaomlaumu kwa hili, wakisema watu wake ama wema mtupu ama wabaya mtupu, na lawama hiyo ina haki ndani yake. Binadamu hawako hivyo. Lakini huo ndio mtindo wake, na ukifunguliwa ukurasa bila jina la mwandishi utamjua kwa sentensi tatu: fasaha, zenye mifano miwili miwili inayotazamana, kama mizani ya shairi imeingia ndani ya nathari.

Hatusemi kila alichoandika ni cha kufuatwa. Mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya Omar Khayyam, aliyoitoa katika Kiingereza, nayo imejaa sifa za mvinyo. Wapo wanaoufasiri mvinyo ule kuwa ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Sisi tunamshauri kijana aanze na vitabu vingine.

Sasa turudi kwenye swali. Kuhusu utunzi wenyewe, Qur'ani katika Surat Ash-Shu'araa, aya ya 224 hadi 227, imewalaumu washairi wanaopotosha na ikawatoa katika lawama walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Allah kwa wingi. Na Hassan bin Thabit (r.a.) alikuwa mshairi wa Mtume (s.a.w.), akimtetea kwa ulimi. Ama kuzua, uzushi uliokatazwa ni ule unaoingizwa katika dini: mtu kuongeza ibada ambayo haina asili. Swala tunaswali kama alivyoswali Mtume, wala hatutafuti mtindo wetu. Shairi, mshono, uchongaji wa mlango na namna ya kupanga sentensi ni mambo ya ada, na asili ya mambo ya ada ni uhalali maadamu hayana haramu ndani yake. Kwa hiyo anayemwambia kijana kwamba kutunga mahadhi mapya ni bidaa amechanganya milango miwili. Na kijana anayeiba mahadhi ya mwenzake na kuyatangaza kuwa yake asijifiche nyuma ya neno kuiga, kwa sababu hiyo ni haki ya mtu.

Marehemu alipata heshima: tuzo ya Margaret Wrong, nishani ya MBE kutoka kwa serikali ya Kiingereza, na nafasi katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Pesa hazikuja. Miswada yake ilikaa sana kabla ya kuchapwa, mingine miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alijaribu kuchapisha vitabu mwenyewe hukohuko Tanga. Katika miaka hiyo pia aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, mwanamke fukara wa shamba aliyefika mjini na sauti yake tu. Tunadhani alijiona kidogo ndani ya habari ile.

Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na miaka 53, akazikwa kwao Machui. Kufikirika na ule utenzi wa vita vilitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Vyote hivyo hakuviona vikiwa vitabu. Allah amrehemu, amsamehe alipoteleza, na aijaalie elimu aliyoiacha iwe miongoni mwa amali zisizokatika.

Wallahu a'lam.