Ernst May, Msanifu Majengo Aliyelima Arusha

Mwaka 1934 alifika Tanganyika Mjerumani mmoja, akanunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima. Mtu huyo alikuwa Bwana Ernst May, msanifu majengo ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea Ulaya. Katika maisha yake yako mambo ya kusifu, na liko moja la kujiuliza.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai, 1886. Alisomea kazi yake Ujerumani, na huko Uingereza akafanya kazi kwa Raymond Unwin, bingwa wa kupanga miji yenye bustani. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt ulimkabidhi kazi ya ujenzi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wengi walikosa mahali pa kukaa. Kwa muda wa miaka mitano, May na wenzake walijenga makao zaidi ya 12,000 ya watu wa kawaida, yenye hewa na mwanga. Ili kupunguza gharama, kuta za baadhi ya nyumba zilitengenezwa vipande vipande kiwandani, kisha zikaunganishwa kiwanjani. Jiko lilibuniwa na mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky: dogo, lakini kila kitu ki karibu na mkono wa mpishi.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi kupanga miji mipya ya viwanda, kama Magnitogorsk. Alipoondoka huko mwaka 1933, Hitler alikuwa ameshika utawala Ujerumani. May alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, hata kwao hakuweza kurudi. Ndipo akaja kwetu kushika jembe.

Mwaka 1937 aliuza shamba, akahamia Nairobi na kurudia usanifu. Vita Kuu ya Pili ilipotokea, Waingereza walimtia kizuizini kwa sababu ni Mjerumani. Basi yule aliyemkimbia Hitler alifungiwa kana kwamba ni mtu wa Hitler!

Baada ya kufunguliwa, serikali ya kikoloni ya Uganda ilimtaka apange upanuzi wa mji wa Kampala. Mpango wake ulitolewa mwaka 1947. Humo Waafrika walitengewa makazi yao, mbali na ya Wazungu na Wahindi. Hapa ndipo pa kujiuliza: imekuwaje mtu aliyefukuzwa na ubaguzi akakubali kuuchora katika ramani?

Lakini huko Moshi kazi ilikuwa tofauti. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chao cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, walimpa kazi ya kubuni jengo lao kubwa. Safari hii aliyeagiza kazi alikuwa mkulima Mwafrika, naye May alimfanyia kwa ustadi ule ule. Katika majengo yake ya Afrika alijali sana kivuli na upepo, na sisi wa Lupingu, tunaolijua joto la kando ya Ziwa Nyasa, hatuhitaji kuambiwa faida yake.

Mwisho wa mwaka 1953 aliondoka Afrika, akasaidia kujenga upya miji ya Ujerumani iliyobomolewa na mabomu. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba, 1970.

Wenzangu mnaopenda hesabu na uchoraji, igeni ustadi wake. Ila kabla ya kuchora mstari wa kwanza, ulizeni nani atakaa ndani, na nani atazuiwa mlangoni.