Harry Ricardo na Siri ya Injini Inayogonga

Dereva wa jeshi aliyepata kupandisha mlima akiwa na mzigo mzito anaijua sauti ile: injini hugonga kana kwamba changarawe zimemwagwa ndani ya silinda. Miongoni mwa waliotufumbulia siri yake, wa mbele ni Mwingereza, marehemu Harry Ricardo, aliyezaliwa London mwezi Januari, 1885.

Alisomea uhandisi Cambridge chini ya Profesa Bertram Hopkinson, ambaye alifariki mwaka 1918 akirusha ndege. Zama hizo wengi waliamini kwamba injini hugonga kwa kuwa mafuta yameshika moto kabla ya cheche ya plagi. Ricardo alionyesha vingine. Cheche huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa mahali pamoja. Moto unapoenea huugandamiza mchanganyiko uliosalia pembeni, hata nao ukalipuka wenyewe kwa mkupuo mmoja.

Utafiti huo ulikatizwa na vita. Vifaru vya kwanza vya Uingereza, vilivyoingia mapambanoni nchini Ufaransa tarehe 15 Septemba, 1916, vilikuwa na injini ya nguvu za farasi 105, yenye kutoa moshi mwingi wa oili. Askari hahitaji kuelezwa hatari yake: adui huuona moshi kabla ya kukiona kifaru. Ricardo akabuni injini ya nguvu za farasi 150 isiyotoa moshi kama ule, na mwaka 1918 ikapigana ndani ya vifaru vya Mark V. Vifaru hivyo viliweza pia kuendeshwa na mtu mmoja badala ya wanne, ingawa sifa hiyo ni ya giaboksi mpya, wala si yake.

Vita vilipokwisha alifungua karakana Shoreham, akaunda injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake uliweza kubadilishwa huku ikiunguruma. Kwa chombo hicho alipima petroli za aina nyingi, akajua ipi huvumilia mgandamizo na ipi hugonga upesi.

Fundi anayefunga turbo kwenye injini ya kabureta yumo katika elimu hiyohiyo, ajue asijue. Turbo hushindilia hewa, mchanganyiko ukaingia silindani umekwisha kupata joto, nao huungua upesi zaidi. Kwa hiyo shinikizo linapopanda, cheche hucheleweshwa kwa digrii kadhaa. Gari likitembea kwa wepesi kwenye tambarare, huwahishwa tena. Akiiacha disributa kama ilivyokuwa kabla ya turbo, pistoni itatoboka. Akichelewesha mno, nguvu hupungua na ekzosi huwaka joto la kupindukia.

Ricardo aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya Wanasayansi mwaka 1929, akatunukiwa cheo cha Sir mwaka 1948. Alifariki mwezi Mei, 1974, akiwa na umri wa miaka 89.