Daniel Payne, mwalimu aliyefungiwa shule

Huko Marekani leo mtoto mweusi anaweza kumaliza shule ya msingi yote bila kufundishwa hata siku moja na mwanaume wa rangi yake. Katika walimu mia moja wa shule za serikali, wanaume weusi hawazidi wawili, na katika madarasa ya watoto wadogo ni wachache zaidi. Kwetu hili linashangaza, kwa sababu katika vijiji vyetu mwanaume kushika chaki mbele ya watoto wa darasa la kwanza ni jambo la kila siku. Lakini nao zamani walikuwa na walimu wa namna hiyo. Mmoja wao ni Daniel Alexander Payne, ambaye historia ya Kanisa inamkumbuka zaidi kama askofu. Mimi napenda kumtazama kwanza kama mwalimu.

Alizaliwa tarehe 24 Februari 1811 katika mji wa Charleston, Carolina Kusini. Wazazi wake walikuwa weusi walio huru, katika mji uliojaa watumwa. Baba alikufa mtoto akiwa na miaka minne tu, na mama akafuata kabla hajafikisha kumi. Akalelewa na bibi wa ukoo. Katika mji ule kulikuwa na chama cha wanaume weusi huru waliochanga fedha zao ili yatima wa rangi yao wasome, na Daniel akaingia shule kwa msaada huo. Baadaye akafundishwa na Thomas Bonneau, mwanaume mweusi aliyekuwa na shule yake mwenyewe. Tusilipite jambo hili haraka. Kijana huyu hakuwahi kudhani kwamba kufundisha watoto si kazi ya mwanaume, kwani aliyemfundisha yeye alikuwa mwanaume.

Alijifunza pia useremala na ushonaji. Akiwa na miaka 18 aliokoka, na katika maombi akapata hakika moyoni kwamba Mungu amemweka kando ili ajielimishe na kuwaelimisha watu wake. Mwaka huohuo, 1829, akafungua shule. Mchana alikuwa na watoto watatu, usiku watumwa watatu watu wazima. Kila mmoja alilipa nusu dola kwa mwezi, kwa hiyo mshahara wa mwalimu ulikuwa dola tatu. Yeyote aliyewahi kufundisha shule ya kijijini kwa mchango wa wazazi anaijua hesabu hiyo, na anajua inavyokwisha. Mwaka ulipofika mwisho, akafunga.

Ndipo tajiri mmoja mwenye watumwa akamtaka asafiri naye kama mtumishi wake, kwa malipo mazuri. Katika kumshawishi, tajiri yule alimwambia kwamba kinachomtenga bwana na mtumwa si kitu kingine ila ujuzi. Alitaka kumvuta kijana aende kuona dunia. Payne alilichukua neno lile akarudi nalo nyumbani: kama ni hivyo, basi ujuzi ndio atakaoutafuta, na ndio atakaowapa watoto. Akaikataa safari. Mwaka 1830 akafungua shule tena.

Safari hii ilikua. Mzee mmoja mweusi alimjengea chumba cha darasa uani kwake, na wanafunzi wakafika karibu sitini. Kwa kuwa vitabu vilikuwa haba, mwalimu alichora ramani kwa mkono wake. Alijifundisha Kigiriki, Kilatini na Kifaransa peke yake usiku, kisha elimu ya mimea, ya wanyama na ya nyota, na alichokipata usiku alikitoa asubuhi darasani. Jua lilipopatwa, alilitazama bila kinga yoyote, na macho yake yakaumia. Maumivu hayo yalimfuata miaka mingi.

Kisha ikaja habari ya nyoka, ambayo yeye mwenyewe aliisimulia uzeeni. Alitaka kuwaonyesha watoto jinsi mwili wa nyoka ulivyo ndani, akaagana na mtumwa mmoja amkamatie nyoka mwenye sumu. Siku ya kwenda kumchukua shambani, aliwatuma wanafunzi wake. Mwenye shamba, mwanasheria mkubwa wa mji, akawasimamisha vijana na kuwauliza wanasoma nini. Vijana wakajibu vizuri. Walijibu vizuri kupita kiasi! Wazungu wale waliona kwamba katika uwanja wa mtu mweusi kulikuwa na shule inayofundisha mambo ambayo hata watoto wao wengi hawakuyajua.

Lazima tukumbuke hofu iliyokuwapo. Mwaka 1822 watu zaidi ya thelathini walinyongwa Charleston kwa kushukiwa kupanga maasi pamoja na Denmark Vesey, na kanisa la weusi la mji ule likabomolewa. Mwaka 1831 Nat Turner, mtumwa aliyehubiri, aliongoza maasi Virginia. Mtumwa anayesoma aliogopwa kama mtumwa mwenye bunduki. Mnamo Desemba 1834 bunge la Carolina Kusini likapitisha sheria: mtu mweusi huru atakayemfundisha mtumwa kusoma au kuandika apigwe fimbo hadi 50 na kutozwa faini hadi dola 50, na mtu mweusi yeyote asiwe na shule ya kufundisha weusi. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Aprili 1835. Siku moja kabla yake Payne akawaaga watoto wake na kufunga mlango. Alikuwa na miaka 24. Anaeleza kwamba usiku mwingine alimuuliza Mungu kama yupo kweli, na kama ni mwenye haki mbona anaacha watu fulani wakandamize wengine namna hii. Sisi wa mashariki, tulioona shule zikigeuka makambi ya wakimbizi au ya askari, hatuna haja ya kuelezwa swali hilo linatoka wapi.

Mwezi wa tano alipanda meli kwenda Kaskazini. Alitafuta kazi ya ualimu, akaishia katika seminari ya Walutheri huko Gettysburg, ambako hata wakati wa masomo ya theolojia alifungua shule ya Jumapili kwa watoto weusi. Macho yalimlazimisha kuacha kabla ya kumaliza. Aliwekewa mikono mwaka 1839, na mwaka 1840 akafungua tena shule ya watoto, mara hii Philadelphia. Baadaye akajiunga na Kanisa la Methodisti la Kiafrika, maarufu kama AME, na kila alipotumwa kuchunga, darasa lilifuata. Huko Washington alishika tena randa na msumeno akatengeneza viti vya kanisa mwenyewe.

Ndani ya kanisa hakupendwa na wote. Alipoandika barua akidai wahubiri wasome, wazee waliojivunia kutopita shuleni walimpinga vikali. Katika mkutano mkuu wa 1844 pendekezo lake la mpango wa masomo kwa wachungaji lilikataliwa kwa kelele siku ya kwanza, likakubaliwa siku ya pili. Hapo namuunga mkono. Lakini alidharau nyimbo na miruko ya waumini wa kawaida, na hapo siwezi kwenda naye. Ushirika mmoja wa Baltimore ulimkataa kwa sababu hiyo, nami naona walikuwa na neno.

Alichaguliwa askofu mwaka 1852. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, alikubali kununua chuo cha Wilberforce huko Ohio kwa dola 10,000, akiwa hana fedha mkononi, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chuo kikuu Marekani. Miaka miwili baadaye jengo kuu likaungua, nao wakajenga upya.

Mwezi wa tano 1865, vita vilipokwisha, alirudi Charleston. Ilikuwa imepita miaka thelathini tangu alipofukuzwa na sheria. Safari hii alikuja kama askofu, kuliunda upya kanisa lililobomolewa akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alifariki Novemba 1893.

Baada ya utumwa walimu weusi walijaa katika shule za Kusini, wanaume kwa wanawake. Kilichowapunguza kinashangaza: baada ya 1954, mahakama kuu ilipokataza ubaguzi shuleni, shule za weusi zilifungwa, na walimu na wakuu wa shule weusi yapata 38,000 wakapoteza kazi katika majimbo 17. Watoto waliunganishwa, walimu wao hawakuunganishwa.

Mwaka 2000, katika jimbo lilelile la Carolina Kusini, walimu wanaume weusi wa shule za msingi walikuwa chini ya mia mbili kati ya walimu zaidi ya elfu ishirini. Ndipo chuo kikuu cha Clemson na vyuo vitatu vya weusi, Benedict, Claflin na Morris, vikaanzisha mpango uitwao Call Me MISTER, yaani niite Bwana, katika nchi ambako mwanaume mweusi mwenye mvi aliitwa kijana. Wanaojiunga husaidiwa karo, hukaa na kusoma pamoja kama ndugu, na kwa kila mwaka waliosaidiwa hufundisha mwaka mmoja katika shule za serikali za jimbo. Wengi hupangiwa shule za maskini. Wanaingia darasani na tai shingoni, mbele ya watoto wa miaka sita, katika jimbo ambako zamani Payne angepigwa fimbo hamsini kwa kazi hiyo.